Tangi la Wietske na Mapazia Yaliyofungwa

Wietske alipofunga mapazia ya sebuleni Alhamisi ile asubuhi, alikuwa na sababu moja tu: maji ya tangi lake la samaki yalikuwa yanageuka kijani. Jua la majira ya kuchipua lilipiga moja kwa moja dirishani, na mwani ukipata jua, basi umepata baba na mama. Akavuta pazia la kushoto, akavuta la kulia, akawasha taa ya tangi, akaenda kumpakia mwanawe Fenne siagi kwenye mkate. Hakufikiria jambo lingine.

Hapo ndipo alipokosea. Mtaani kwao, pale mjini Doesburg, nyumba zimebanana bega kwa bega na kila moja ina dirisha kubwa linalotazama barabarani. Watu wanakula mbele ya dirisha hilo, wanapiga pasi, wananuniana, na apitaye na baiskeli anaruhusiwa kutupia jicho mradi asisimame. Mchana kweupe hafungi pazia ila mtu mwenye la kuficha, au aliyefiwa. Mara ya mwisho yalifungwa kwa Bi Hermien, nyumba ya ng'ambo, siku mumewe Wessel alipofariki, na hata yeye aliacha upenyo ili watu waone maua.

Na tangi lenyewe kukaa dirishani, hilo nalo lilikuwa la watu wa mtaa ule. Ukiwa na kitu kizuri unakiweka dirishani, uso wake ukitazama nje. Bi Hermien alikuwa na mbwa wawili wa kauri. Mzee Gerben wa nyumba ya pili, aliyestaafu kazi ya kufungua na kufunga malango ya mfereji, alikuwa na kinu cha upepo alichokijenga kwa njiti za kiberiti. Wietske alikuwa na samaki. Angewaweka wapi kwingine?

Mambo yalianza na samaki mmoja. Fenne alitaka samaki, Wietske akaenda dukani na mumewe Jelmer, muuzaji akawatazama kama watu wanaotaka kumfuga ng'ombe kabatini. Bakuli? Samaki kwenye bakuli? Basi wakachukua tangi dogo. Tangi dogo likataka chujio, chujio likataka mimea, mimea ikataka taa, na samaki, kumbe, hapendi kukaa peke yake. "Tulikwenda kununua samaki mmoja," Jelmer aliwaambia wenzake wa kiwanda cha mikate, "tumerudi na bwawa."

Kisha Wietske akagundua klabu. Klabu ya Pezi Jekundu ilikutana kila Jumatano jioni kwenye kantini ya uwanja wa mpira, watu wazima watupu, wakizungumza kuhusu mizizi kwa sauti ya chini kama wako hospitali. Siku nyingine zote Wietske alikuwa mama wa kutafuta soksi. Jumatano Jelmer alibaki na mtoto kabla ya kwenda zamu, naye akapanda baiskeli akaenda kuwa Wietske. Lakini alikuwa mgeni tu. Mgeni wa Pezi Jekundu anakaa nyuma, karibu na makoti, na haulizi swali mpaka wanachama wamalize, na wanachama hawamalizi. Ugeni unadumu mwaka. Kabla mwaka haujaisha mkaguzi anakuja nyumbani kwako, anakaa sebuleni, anapima tangi lako. Likifaulu, wewe ni mwanachama. Lisipofaulu, unapewa mkono wa kwaheri, unarudi baada ya miaka miwili, ukipenda.

Mwaka wa Wietske ulikuwa unaisha wiki ijayo. Mkaguzi alikuwa anakuja Jumamosi. Na maji yalikuwa ya kijani.

*

Bi Hermien alibisha hodi Alhamisi hiyohiyo, mkononi ana sufuria la supu ya njegere, nzito kiasi cha kijiko kusimama wima.

"Pole, mwanangu."

"Pole ya nini tena, Bi Hermien?"

"Usijikaze. Mimi nilijikaza Wessel wangu alipoondoka, nikaja kuanguka sokoni, mbele ya jibini, watu wote wananitazama."

"Aa, mapazia?" Wietske akacheka. "Ni mwani tu! Jua linaharibu maji."

Bi Hermien akamtazama kwa macho yaliyojaa huruma. Akatupa jicho ukutani, mahali ambapo baiskeli ya Jelmer husimama siku zote. Haikuwepo. Ilikuwa kwa fundi, lakini hilo nani alijue? Mwanamume wa mtaa ule bila baiskeli yake ni sawa na kofia bila kichwa.

"Maji," alisema Bi Hermien polepole.

"Ndiyo, maji. Na Jumamosi ndiyo siku yenyewe."

"Haya, mama. Kula supu."

Jelmer mwenyewe hakuonekana. Kila siku alirudi kutoka kiwandani watu wakiwa bado wamelala, akalala hadi jioni, na wiki hiyo mafua yalimkamata akabaki kitandani moja kwa moja, kichwa chini ya mto.

Ijumaa kadi zikaanza kuingia kwenye tundu la mlango. *Tuko pamoja nawe katika siku hizi ngumu.* *Tunakutakia nguvu.* *Maneno hayatoshi.* Wietske alizisoma amesimama kwenye korido. Kumbe walijua! Kumbe mtaa mzima ulisikia kwamba mkaguzi anakuja! Na yeye alidhani hakuna anayejali samaki wake. Akafunga uzi kwenye fremu ya mlango wa sebule, akazitundika kadi zote kwenye uzi, kama watu wanavyofanya siku ya kuzaliwa, kila aingiaye azione.

"Jelmer!" aliita ngazini. "Majirani ni watu wazuri sana!"

"Mmh," ilijibu mito.

*

Jumamosi asubuhi kengele ikalia, na mlangoni wamesimama majirani, wamevaa nguo nyeusi, wengine wamekuja na viti vyao.

"Jamani!" Wietske alisema. "Mmekuja wote!"

"Tungekuacha peke yako leo?" alisema Gerben, akamshika bega.

Wakaingia. Wakaziona kadi uzini, wakatikisa vichwa. Wakapanga viti duara. Wietske akaleta kahawa, akapitisha kopo la biskuti, kila mtu akachukua moja, naye akalifunga kopo. Sebule ilikuwa giza, ila tangi tu liliwaka pale mbele ya pazia, na samaki wadogo wenye mstari wa buluu wakapita mbele ya nyuso zenye huzuni.

"Nawashukuru," Wietske alianza. "Sijalala vizuri. Nimejitahidi mwaka mzima, kila siku nabadilisha maji, napima joto, nalisha kidogokidogo. Lakini ikishindikana leo, basi, nimefanya yangu."

Bi Hermien akatoa leso.

"Alikuwa mtu mwema," alisema Gerben.

"Nani?"

"Jelmer."

"Jelmer?" Wietske akaweka birika chini. "Amefanya nini?"

Hapo ngazi zikalia kwii, kwii, na Jelmer akatokea mlangoni amevaa suruali ya kulalia na soksi moja, pua nyekundu kama nyanya. Akapiga chafya. Akawatazama watu wote wale wenye nguo nyeusi waliokaa duara sebuleni kwake, gizani.

"Kuna kahawa?" aliuliza. Halafu: "Ni nani amekufa?"

Gerben akakohoa.

"Wewe," alisema.

"Mimi?"

"Baiskeli haipo," Bi Hermien alijitetea. "Mapazia yamefungwa. Na mkeo anazungumza habari za maji maji tu. Tungejuaje?"

Jelmer akajigusa kifuani kidogo, kama mtu anayetafuta miwani yake. "Sijasikia chochote," alisema.

Sasa ikawa tabu. Watu wamekwisha kaa duara. Kahawa imemiminwa, biskuti zimeng'atwa. Katika mtaa ule watu wakikaa duara na kahawa ni msiba au ni siku ya kuzaliwa, hakuna la tatu, na msiba ulikuwa umekataa. Bi Hermien ndiye aliyeinuka kwanza. Akapanga gauni lake jeusi, akamwendea Wietske, akampa mkono na busu tatu.

"Hongera kwa mumeo."

"Asante, Bi Hermien."

Akamgeukia Jelmer. "Nawe hongera kwa wewe mwenyewe."

Basi wote wakainuka, wakazunguka duara, kama ilivyo desturi ya siku ya kuzaliwa, kila mtu akimpa kila mtu mkono. Hongera kwa jirani yako. Hongera kwa Jelmer. Nawe pia, hongera. Fenne akapita katikati ya miguu akipongeza magoti.

Na katikati ya hongera hizo kengele ikalia, akaingia Bwana Evert Stegeman, mkaguzi wa Pezi Jekundu, mtu mrefu mwembamba, kwapani ana ubao wa kuandikia na mfukoni kipimajoto. Kabla hajafungua kinywa mikono minne ilikuwa imemshika wa kwake.

"Hongera kwa Jelmer!"

"Ahsanteni," alisema Bwana Stegeman, kwa kuwa alilelewa vizuri na mtu aliyelelewa vizuri haulizi. "Nawe pia." Akapewa kiti, kahawa na biskuti moja.

Alikunywa hadi tone la mwisho. Kisha akageuza kiti kulielekea tangi.

"Fungua mapazia, tafadhali."

Wietske akasogea mbele ya pazia. "Lakini taa ya tangi inatosha..."

"Tangi linapimwa katika mwanga ambao familia inaishi nao. Mnaishi gizani?"

"La!" alisema Gerben. "Hawaishi gizani, mzee. Tunawaona kila siku."

Wietske akavuta pazia la kulia, akavuta la kushoto. Jua likaingia kama mgeni asiyebisha hodi, likapenya tangi toka nyuma mpaka mbele, na yale maji aliyodhani yamepona yakawaka kijani, kijani kabisa, kama ile supu ya Bi Hermien. Fenne akapiga makofi.

"Ni nani aliyeliweka tangi hapa?" aliuliza mkaguzi.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili watu waone."

Duara zima likatikisa vichwa kukubali. Sababu gani nyingine ingetakiwa? Bwana Stegeman akafunika kalamu yake.

"Hapa sipimi kitu, bibie. Ni kama kumpima mtu uzito akiwa ndani ya lifti. Ukifunga, mnaishi kama popo. Ukifungua, samaki wanaishi kwenye supu. Nina nyumba nyingine ya kukagua ng'ambo ya mto. Nikirudi nitapita hapa. Nikilikuta tangi mahali pake, nitapima. Nikilikuta hapahapa, nitakupa mkono, na tutaonana baada ya miaka miwili."

"Miaka miwili," alisema Wietske. Fenne atakuwa anaenda shule peke yake na baiskeli yake. Miaka miwili ya Jumatano za kukaa nyumbani, au mbaya zaidi, za kupita nje ya kantini na kuona taa zinawaka.

Mlango ukafungwa nyuma ya mkaguzi. Watu wakatazamana.

"Kuhamisha tangi ni kitu gani?" Gerben akasimama, akakunja mikono ya shati lake la msiba. "Mimi nimehamisha maji ya mfereji mzima, nyie! Haya, wanaume watatu upande huu, tunalisukuma hivyohivyo, moja, mbili..."

"Gerben, ondoa mkono wako!"

Gerben akaondoa. Wietske mwenyewe alishtuka, hakujua kwamba ana sauti ile.

"Likisukumwa limejaa, kioo kitapasuka, na samaki watakuwa zuliani na wewe utakuwa na mguu uliovunjika. Hakuna anayegusa kitu mpaka niseme. Nataka ndoo. Ndoo safi, ambazo hazijawahi kuona sabuni. Kila mmoja aende kwake alete."

"Yangu ya kuoshea madirisha..."

"Hiyo hapana, Bi Hermien. Chukua lile sufuria lako la supu, liko jikoni."

"Bado lina supu."

"Basi mimineni supu bakulini, Jelmer ale, atapona."

Wakaenda, wakarudi. Wietske akapiga magoti, akanyonya maji kwa mpira mpaka yakaanza kutiririka yenyewe ndooni, kijani hicho hicho, maana ni maji samaki waliyoyazoea na hakutaka kuwashtua kwa mapya yote kwa mara moja. Kisha akawakamata samaki kwa wavu, taratibu, akimwambia kila mmoja samahani. Watu wakakaa tena duara, sasa kila mtu ana ndoo mapajani, na ili maji yasipoe wakazifunika ndoo kwa makoti yao meusi.

"Huyu ananitazama," alinong'ona Bi Hermien, aliyepewa kambare wadogo wenye ndevu.

"Anakutazama kwa sababu unaongea."

"Niache kuongea?"

"Hapana, ongea. Ila taratibu."

Basi Bi Hermien akaanza kuwasimulia kambare habari za Wessel, kwa sauti ya chini sana, na hakuna aliyemkatiza.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuliweka tangi: ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Na ukutani pale palikuwa na kochi.

"Kochi liende wapi?" aliuliza Jelmer, kijiko kinywani.

"Nje."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Jelmer," alisema Gerben, "sasa hivi tu ulikuwa marehemu. Usianze kudai kochi."

Kochi likatoka. Likawekwa kando ya njia, chini ya dirisha, na Fenne akapandishwa juu yake na kibakuli cha konokono wa tangini, awalinde. Mwanamke aliyepita na baiskeli akaona nyumba wazi, watu wenye nguo za msiba wanapishana na ndoo, mwanamume wa suruali ya kulalia amebeba supu, na mtoto juu ya kochi.

"Mnahama?" aliuliza, bila kusimama.

"Hapana," alijibu Fenne. "Tunapimwa."

Ndani, tangi lilikuwa limebaki na mchanga, mimea na maji kidogo. Sasa Wietske akawaita wanaume, akawaonyesha kila mtu aweke kidole wapi. Wakalinyanyua kama wanavyonyanyua kitanda cha mgonjwa. Likavuka sebule, likatua juu ya kabati fupi walilolileta ukutani, kwa sauti ndogo, tap. Hakuna kilichopasuka. Watu wakapumua.

Kisha Gerben, kwa furaha, akamimina ndoo yake yote ya maji kwa mara moja.

Mchanga ukainuka, mimea ikang'oka, na kila uchafu uliokuwa umelala kwa amani mwaka mzima ukaamka. Maji yakawa kama kahawa ya maziwa.

"Ah," alisema Gerben. "Malango tulifungua hivyo."

Wietske akamnyang'anya ndoo. Alitamani kukaa, lakini kochi lilikuwa nje. Akamalizia kumimina kwa kikombe, kidogo kidogo, ingawa haikuwa na maana tena, akarudisha samaki mmoja mmoja, nao wakazama katika ule ukungu na kupotea. Akawasha chujio. Na kengele ikalia.

Bwana Stegeman akaingia, akavua viatu koridoni, akasimama mbele ya tangi. Ukuta ulikuwa mzuri. Kabati lilikuwa imara. Ndani hakukuonekana kitu.

"Samaki wako wapi?"

"Humo."

"Sioni."

"Yatatulia," alisema Wietske. "Chujio linafanya kazi. Yanahitaji muda tu."

"Muda mrefu."

Wietske akajifuta mikono kwenye sketi. Mwaka mzima alikaa karibu na makoti akimeza maneno.

"Kwani una haraka?" aliuliza.

Mkaguzi akamtazama. Akaitazama kahawa, akawatazama watu wale, makoti yao yamelowa, wote wakimwangalia yeye kama wanaosubiri daktari.

"Sina," alisema, akakaa.

Basi wakakaa. Kopo la biskuti likapita mara ya pili, jambo ambalo halijawahi kutokea mtaani pale, na hakuna aliyelisemea. Mapazia yalikuwa wazi, jua likaanguka zuliani mahali tangi lilipokuwa, na ukutani maji yakaanza kupauka. Kwanza likatokea jani moja, juu kabisa. Kisha shina lake. Baadaye kidogo mstari wa buluu, ukakatika, ukatokea tena.

"Yule ni wangu!" Gerben aliruka. "Yule nilimbeba mimi!"

"Utamjuaje, wote wamefanana."

"Namjua! Ana mwendo wangu."

"Kambare wangu wako wapi?" Bi Hermien aliinama mbele. "Wietske, hawajaja. Niliongea nao sana?"

"Wako chini. Ngoja."

Bwana Stegeman akaanza kuuliza. Huyu anakula nini? Yule amezaliwa hapa au dukani? Maji unayabadilisha vipi? Wietske akajibu, kwanza kwa kifupi, kisha kwa kirefu, mikono ikaanza kusaidia mdomo. Majirani wakajibu pia, vibaya, akawasahihisha. Mkaguzi akaandika.

"Mimea," alisema, "imekaa kama watu walioshuka basi moja na hawajuani."

"Najua."

"Hapo sikupi kitu."

"Najua."

"Sasa walishe."

Wietske akachukua chakula kwa ncha za vidole, akakinyunyiza. Hapa pumzi zote zilisimama, hata Jelmer aliacha kuvuta kamasi. Samaki mwenye hofu hali. Samaki aliyenyanyuliwa, akamiminwa, akapakatwa na watu wenye huzuni wasiyojua pa kuiweka, ana kila haki ya kujificha mpaka kesho.

Wa kwanza akapanda, akadonoa. Wa pili. Kisha wote wakaja kwa pamoja, mkondo wa buluu, na chini, kutoka kwenye ukungu wa mwisho, zikatokea ndevu, na kambare wakaanza kufagia mchanga kwa bidii kama wamelipwa.

"Wanangu," alisema Bi Hermien.

Mkaguzi akahesabu kwa kalamu hewani. Hakukosekana hata mmoja. Akaandika muda mrefu sana.

"Sema basi, mzee!" alilia Gerben. "Utatuua!"

"Mimea, hakuna kitu. Maji, nusu, kwa huruma." Bwana Stegeman akapindua karatasi. "Samaki, alama zote. Sijawahi kutoa zote. Tangi limefaulu, kwa shida, lakini limefaulu. Karibu Pezi Jekundu."

Sebule ikalipuka kwa shangwe. Wietske alisimama palepale na unga wa chakula cha samaki vidoleni, Jelmer akamkumbatia na mafua yake yote.

Bwana Stegeman aliagana na watu, akaenda kwenye korido kuvaa viatu, Wietske akamfuata.

"Kwa hiyo Jumatano nikae mbele?"

"Kaa unapotaka. Na ukiwa na la kusema, sema."

"Ninalo."

"Vizuri. Jumatano, basi."

"Tangi lenu la kantini," alisema Wietske, "lile kubwa. Maji yanaingia upande uleule yanakotokea, ndiyo maana ile mimea ya nyuma inakufa kila mwezi na nyinyi mnalaumu udongo. Tena si hilo tu. Mna samaki mmoja mle ndani ambaye angetakiwa awe na wenzake, nimemtazama mwaka mzima, anajificha nyuma ya bomba kila mkizungumza kuhusu mizizi..."

Bwana Stegeman, aliyekwisha vaa kiatu kimoja, akakivua.